Sumaku Huvuta, Ganda Huamua

Ukiingia wodi ya saratani siku ya dripu, dawa utakayoitambua kwa macho kabla hujasoma lebo ni doksorubisini. Ni nyekundu iliyokolea, kama juisi ya rozela, na mgonjwa huambiwa mapema asishtuke mkojo wake ukigeuka rangi siku hiyo au ya pili yake. Muuguzi anayeitoa habanduki kando ya mkono wa mgonjwa, maana ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama mpaka ikawa kidonda. Ikiwa ndani ya mshipa nako haichagui: huzunguka mwili mzima ikiua seli zinazogawanyika kwa kasi, ziwe za uvimbe, za mizizi ya nywele au za uboho unaotengeneza damu. Moyo nao huumia, na madhara yake hujumlishwa dozi kwa dozi. Ndiyo maana daktari huweka hesabu ya kila miligramu tangu siku ya kwanza. Jumla ikikaribia 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, dawa husimamishwa, hata kama uvimbe bado unaisikia.

Kwa hiyo swali ni la zamani: dawa hii itafikaje kwenye uvimbe bila kupita kila mahali? Mwishoni mwa miaka ya 1970, Kenneth Widder na Andrew Senyei wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walijaribu jibu lenye mvuto wake. Walitengeneza vitufe vidogo vya albumini, protini iliyo nyingi kwenye damu, wakachanganya humo chembe za chuma na doksorubisini, wakavidunga kwenye mshipa wa panya mwenye uvimbe mkiani, kisha wakaweka sumaku kando ya mkia. Vitufe vilinaswa pale pale na uvimbe ukanywea. Kwa baadhi ya panya ulitoweka kabisa. Mkia wa panya, lakini, ni mwembamba kiasi kwamba sumaku huugusa uvimbe karibu moja kwa moja. Tutaurudia mkia huo.

Chembe zinazotumika siku hizi ni ndogo zaidi. Kiini chake ni oksidi ya chuma, mara nyingi magnetaiti, madini yale yale ya sumaku ya asili, yenye kipenyo cha nanomita 10 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina nanomita kama 7,000, kwa hiyo mamia ya viini hivi yangejipanga mstari mmoja juu yake. Udogo huu umechaguliwa kwa makusudi. Magnetaiti ikishuka chini ya nanomita 20 au 30 hupata tabia ya ajabu: ukiisogezea sumaku huvutwa, ukiiondoa husahau kabisa kwamba iliwahi kuvutwa. Chembe kubwa zaidi zingebaki na usumaku wake, zikashikana zenyewe kwa zenyewe na kuziba mishipa midogo ya mapafu.

Hata hivyo, kiini kitupu hakifai kitu mwilini. Kikiingia kwenye damu tu, protini hukivamia na kukipaka alama, na seli walinzi husoma alama hiyo kama amri ya kumeza. Ini lina askari wengi wa aina hiyo, seli za Kupffer, na wengu una wao. Chembe tupu humalizwa na walinzi hao ndani ya dakika chache. Ndipo linapokuja suala la ganda, na kwa maoni yangu hapa ndipo kazi yote ilipo, ingawa magazeti hupenda picha ya sumaku.

Ganda linapewa kazi nne zinazogombana. Kwanza lizitenge chembe zisigandane. Mara nyingi hutumika dekstrani, ambayo ni mnyororo wa sukari, au wanga, au silika, au polimeri iitwayo polietilini glikoli, ambayo huvuta maji na kuizungushia chembe tabaka laini ambalo protini hushindwa kulishika upesi. Hiyo tayari ni kazi ya pili, kuificha. Ya tatu ni kubeba dawa, na ya nne ni kuiachia. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazowanyima wakemia usingizi. Ukiifunga dawa kwa kifungo legevu, itadondoka njiani na mgonjwa atakuwa amepewa dripu ya kawaida kwa gharama kubwa. Ukiifunga kwa kifungo kigumu, chembe itafika kwenye uvimbe ikakaa na mzigo wake mgongoni. Wengine hutumia kifungo kinachokatika penye asidi, kwa kuwa ndani ya uvimbe, na hasa ndani ya vifuko vya seli iliyokwisha kuimeza chembe, asidi huzidi ile ya damu.

Mfano mzuri ni jaribio la kwanza kwa binadamu, lililofanyika Berlin na kuchapishwa mwaka 1996 na Andreas Lübbe na wenzake. Dawa ilikuwa epirubisini, ndugu wa doksorubisini. Ganda lilikuwa la wanga uliobandikwa fosfati, yenye chaji hasi. Epirubisini ina chaji chanya, hivyo vikashikana bila gundi nyingine, na chumvi za damu zikawa zinalegeza mshikamano huo kidogo kidogo. Wagonjwa 14, wote wenye saratani iliyokwisha kusambaa au kushinda tiba nyingine, walidungwa mchanganyiko huo mshipani huku sumaku zimewekwa juu ya uvimbe. Waliuvumilia vizuri. Lakini ni kwa karibu nusu yao tu ambapo chuma kilionekana kufika kwenye uvimbe, na sehemu kubwa ya mzigo iliishia kwenye ini.

Kwa nini nusu tu? Fizikia haina huruma hapa. Nguvu inayoivuta chembe hutegemea jinsi uga wa sumaku unavyobadilika kutoka hatua hadi hatua, na mabadiliko hayo hufifia upesi unapoiacha sumaku. Kwenye ngozi ni makubwa, sentimita chache ndani yanakuwa madogo mno kupambana na mkondo wa damu. Mashine ya MRI ina sumaku yenye nguvu kuliko zile za Berlin, lakini katikati yake uga ni ule ule kila upande, kwa hiyo chembe haina pa kuvutwa. Tena, hesabu za Samuel Earnshaw wa Uingereza za mwaka 1842 zina maana kwamba huwezi kupanga sumaku zilizotulia nje ya mwili zikanase chembe kwenye nukta fulani katikati ya tumbo. Chembe zitavutwa kuelekea ngozi daima. Sasa unaona mkia wa panya ulivyotudanganya.

Udogo nao una gharama. Nguvu ya mvuto huenda na ujazo: ukipunguza kipenyo cha kiini kwa nusu, nguvu hupungua mara nane. Ili ijifiche chembe inatakiwa iwe ndogo, na ili ivutike inatakiwa iwe kubwa. Maabara nyingi hutoka kwenye mtego huu kwa kufunga viini vingi vidogo ndani ya ganda moja, na hapo tena ni ganda linalobeba lawama.

Christoph Alexiou na kundi lake la Munich, Ujerumani, walikwepa nusu ya tatizo kwa kubadili mlango. Badala ya kudunga kwenye vena, ambako chembe hulazimika kupita moyo na mapafu kwanza, waliingiza katheta kwenye ateri inayolisha uvimbe wenyewe. Katika jaribio la sungura lililochapishwa mwaka 2000, dawa ya saratani ya mitoksantroni iliyobebwa hivyo, kwa asilimia 20 au 50 tu ya dozi ya kawaida, iliufuta uvimbe kabisa. Ni matokeo makubwa, ila uvimbe ulikuwa mguuni, karibu na ngozi, na ateri yake ilijulikana. Kampuni ya FeRx ya Marekani ilijaribu njia hiyo hiyo ya ateri kwa saratani ya ini la binadamu, ikitumia chuma kilichoshikamanishwa na kaboni inayonyonya doksorubisini. Majaribio yakasitishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na dawa haikufika sokoni.

Tatizo haliko kwa chuma peke yake. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto lilipitia tafiti za miaka 10 kuhusu chembe nano za kila aina kwa wanyama wa maabara. Katika nusu ya vipimo walivyokusanya, kiasi kilichofika kwenye uvimbe kilikuwa chini ya asilimia 0.7 ya kilichodungwa. Wapo waliobisha namna ya kuhesabu, na wana hoja. Hata hivyo, tangu wakati huo mtu akisema chembe zake ni kombora linalopiga shabaha bila kukosa, mimi humuuliza kwanza ini la panya wake lilikuwa na kiasi gani.

Kuna waliofanikiwa kwa kuacha safari kabisa. Kampuni ya MagForce ya Berlin ilipata kibali cha Ulaya mwaka 2010 kwa tiba ya uvimbe wa ubongo ambamo chembe zenye ganda la aminosilani hudungwa ndani ya uvimbe wenyewe, kisha uga wa sumaku unaogeuka mara 100,000 kwa sekunde huzipasha moto. Ganda hapa lina kazi tofauti, kuzifanya zibaki palipodungwa. Lakini vyuma vyote vilivyo ndani ya sentimita 40 kutoka kwenye uvimbe, pamoja na vijazio vya meno, ilibidi vitolewe kwanza, na MRI ya eneo hilo haikuwezekana tena. Kampuni iliomba kufilisiwa mwaka 2022.

Na kuna chembe moja ambayo kumezwa na ini hakukuwahi kuwa hasara kwake. Ferumoksitoli ni oksidi ya chuma yenye ganda lililotokana na dekstrani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa upungufu wa damu wa wagonjwa wa figo. Walinzi wa ini na wengu huimeza, huvunja ganda, na chuma kinakwenda kutengeneza damu. Madaktari wa saratani wameigeuzia matumizi mengine. Inaonekana vizuri kwenye MRI, kwa hiyo wanaidunga kwanza bila dawa yoyote ndani yake, halafu wanatazama kama mishipa ya uvimbe wa mgonjwa huyu inaruhusu chembe kupenya. Katika uchunguzi mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, uvimbe ulioingiza chuma kingi ndio ulionywea zaidi wagonjwa walipopewa baadaye dawa ya irinotekani iliyofungwa kwenye vitufe vya mafuta. Sumaku pekee iliyohitajika ni ile iliyo tayari kwenye chumba cha picha, na mgonjwa ambaye uvimbe wake haupitishi chembe anaweza kupangiwa tiba nyingine kabla ya dripu ya kwanza.