Waliokufa Angani Kabla ya Kufika Vitani

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maelfu ya askari wa anga walikufa bila kumwona adui. Bomber Command, kikosi cha Uingereza cha ndege za mabomu, kilipoteza watu zaidi ya 55,000, na kati yao zaidi ya 8,000 waliuawa na ajali, nyingi zikiwa za mafunzo. Marekani ilipoteza takriban watu 15,000 kwa ajali za ndege za kijeshi ndani ya mipaka yake yenyewe. Canada, iliyofundisha askari wa anga zaidi ya 130,000 chini ya mpango uliotiwa saini Desemba 1939, ilizika mamia ya wanafunzi na walimu wao.

Sababu zilijulikana tangu wakati ule. Vita vilitaka marubani wengi, tena upesi, na wengi waliopewa usukani walikuwa vijana wa miaka 19 au 20. Hatari iliongezeka kwenye hatua ya mwisho ya mafunzo, pale rubani, mshika ramani, mpiga redio na wapiga bunduki walipojifunza kuruka pamoja kama kundi moja. Mara nyingi walipewa ndege zilizokwisha kuchakaa vitani, zikiwemo Wellington na Whitley ambazo injini zake zilikuwa zimechoka. Waliruka usiku juu ya nchi iliyozimwa taa zote kwa kuhofia mabomu. Aliyekosea kidogo hesabu ya upepo alitoka nje ya njia bila kujua, na akishuka chini ya wingu ili aone alipo, alikutana na mlima.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye kilele cha Buckden Pike, kaskazini mwa Uingereza, mwezi Januari 1942. Wellington iliyokuwa na askari sita wa Poland, waliokuwa wakijifunza katika kambi ya Bramcote, iligonga mlima huo katikati ya dhoruba ya theluji. Watano walikufa. Aliyesalia ni mpiga bunduki wa nyuma, naye alikuwa amevunjika mguu. Alianza kujiburura kuteremka bila kujua upande wa kwenda, akaona nyayo za mbweha kwenye theluji. Aliwaza kwamba mnyama mwenye njaa atakuwa anaelekea kwenye makazi ya watu, akazifuata, akafika kijiji cha Cray. Mwaka 1973, kwa juhudi zake mwenyewe, msalaba wa mawe ulisimikwa pale mlimani. Chini yake pamejengewa vipande vya ndege ile, pamoja na kichwa kidogo cha mbweha cha shaba.

Kumbukumbu nyingi za aina hii zilianza vivyo hivyo, kwa mtu aliyenusurika, ndugu wa marehemu, au wanakijiji waliofika kwanza kwenye ajali. Katika mji wa Arcadia, Florida, wamezikwa Waingereza 23 waliokwenda Marekani kujifunza urubani, na wenyeji hufanya ibada makaburini kwao kila mwaka. Huko Oklahoma, wanafunzi wa shule ya mji mdogo wa Rattan walifuatilia habari za vijana wanne wa Kiingereza waliokufa milimani kwa hali mbaya ya hewa mwezi Februari 1943. Mnara wao ulizinduliwa mwaka 2000.

Serikali zilikuwa na sherehe zao, lakini sifa za hadharani zilikwenda zaidi kwa waliofika Berlin na kurudi, au kutorudi. Aliyeanguka shambani kwa mkulima, maili chache kutoka kambini kwake, hakuwa na hadithi ya kusimuliwa redioni. Hapo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitenda haki kuliko wasimuliaji. Jiwe lake ni la umbo moja kwa ofisa na kwa kuruta, na haliulizi mtu alikufaje, mradi alikufa akiwa jeshini. Ukumbusho wa Runnymede, karibu na London, uliofunguliwa mwaka 1953, una majina zaidi ya 20,000 ya askari wa anga wasio na kaburi linalojulikana, na waliopotelea baharini wakiwa mafunzoni wamo humohumo.

Mabaki ya ndege nayo yana ulinzi. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1986, ni kosa kuyachimbua bila kibali, maana huenda bado kuna mwili wa mtu.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa darasa. Nakuru kulikuwa na kikosi cha Waingereza kilichofundisha kwa ndege za Blenheim, na Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, kulikuwa na kingine. Miji yote miwili ina makaburi ya askari wa vita hivyo, yanayotunzwa na Tume ileile. Anayetaka kujua ni nani aliyelala pale atafute jina kwenye orodha ya Tume katika intaneti. Haitozi ada.