Dakika 20 angani, saa tatu barabarani

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi ule wa Abeid Amani Karume, Zanzibar, ni kilometa 73 hivi kwa mstari ulionyooka. Ndege huzimaliza kwa dakika 20 tu. Watoto hawajamaliza hata kugombea kiti cha dirishani, mnaambiwa mfunge mikanda ya kutua.

Hizo dakika 20 ndizo zinazoponza familia nyingi, hasa siku ya msiba.

Chukua mfano wa ndugu wawili, dada anaishi Bunju, mdogo wake wa kiume yuko Yombo. Alfajiri wanapigiwa simu kuwa baba amefariki Unguja, atazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Wote wanakata tiketi ya ndege ya saa nne. Wa Yombo ni jirani wa uwanja. Anaoga, anaaga wanawe, anapanda bajaji. Dada ametoka kwake saa 12 na nusu, mapema kuliko mdogo wake, lakini ana zaidi ya kilometa 30 mbele yake: Tegeta, Mwenge, Ubungo, Buguruni, Tazara, ndipo aishike Barabara ya Nyerere. Daraja la Mfugale limepunguza kero pale Tazara tangu 2018, na la Kijazi pale Ubungo tangu 2021. Foleni ya asubuhi imehamia tu mbele kidogo.

"Dada, wanakaribia kufunga mapokezi ya abiria."

"Ndiyo kwanza niko Ubungo, mdogo wangu. Waambie wanisubiri nimwone baba uso."

Abiria wa ndani hutakiwa uwanjani saa moja hadi mbili kabla ya ndege kuruka. Kwa mtu wa Bunju, ndege ya saa nne ni safari ya saa 11 alfajiri. Asome pia tiketi yake vizuri: Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019, ni la safari za nje, na za Zanzibar kwa kawaida huanzia majengo ya zamani. Kitambulisho kisisahaulike.

Pengine dada angeangalia boti. Barabara ya Bagamoyo ingemshusha mjini, karibu na bandari, bila kuzungukia Ubungo. Boti ya kasi huchukua saa mbili hivi na nauli yake ni nafuu, jambo kubwa kwa anayesafiri na watoto watatu. Hutia nanga Malindi, katikati ya mji. Ndege hutua Kisauni, nje ya mji. Ila kwa mzee au mjamzito, bahari ikichafuka, saa mbili hizo ni ndefu mno.

Na Bunju iko kaskazini. Dada anateremka kusini asubuhi nzima kuifuata ndege, kisha ndege inampandisha kaskazini tena. Hajakaa sawa kitini, tayari yuko usawa wa nyumbani kwake, upande wa kushoto.