Macho Yanayokesha Kando ya Kitanda

Ni saa nane za usiku. Mitaa ya Katuba, Kenya na Kamalondo imenyamaza, na watu wa Lubumbashi wamelala. Lakini katika chumba kimoja cha hospitali taa ingali inawaka. Mtoto amelala kitandani, naye hajibu anapoitwa, kwa maana malaria imempanda kichwani. Mama yake amekaa nje ukumbini, amejifunika kitenge mabegani, akingojea habari. Kando ya mtoto amesimama mwuguzi. Hapigi kelele wala hana haraka. Ameshika saa yake, anatazama jinsi kifua cha mtoto kinavyopanda na kushuka, anahesabu, kisha anaandika.

Msomaji mpenzi, wako wanaomwona mwuguzi huyo wakasema, “Mbona amesimama tu?” Yafaa leo tujue kazi yake ni nini, kwani mara nyingi katika kusimama kule ndimo uhai wa mgonjwa ulimo.

Mgonjwa mahututi ni nani?

Si kila mgonjwa mwenye maumivu makali ni mahututi. Mtu aliyevunjika mguu aweza kulia usiku kucha, wala asiwe katika hatari ya kufa. Mahututi ni yule ambaye moja ya nguzo za uhai wake inatikisika: njia ya pumzi, kupumua kwenyewe, mwendo wa damu, au fahamu. Nguzo moja ikianguka, nyingine huifuata upesi.

Mtu mzima mwenye afya, akiwa ametulia, hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga mara 60 hadi 100. Mtoto mdogo huenda mbio zaidi. Basi mwuguzi anapohesabu, anatafuta badiliko. Mgonjwa aliyekuwa akipumua mara 18 jioni, na sasa anapumua mara 32, anatoa habari kabla hajaweza kusema neno. Wahenga walisema, “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.” Mwuguzi wa mahututi ndiye anayeuona ufa ungali mdogo.

Kazi hii ilianzaje?

Mwaka 1854, wakati wa vita vya Krimea, Mwingereza Florence Nightingale alikwenda Scutari, karibu na Istanbul, pamoja na wanawake 38, ili kuwauguza askari. Aliwafundisha watu kwamba usafi, hewa safi na kuandika hesabu za wagonjwa na za vifo ni sehemu ya tiba. Alifariki mwaka 1910, mwaka ule ule mji wetu ulipoanzishwa kwa jina la Elisabethville.

Lakini chumba cha wagonjwa mahututi kama tukijuavyo leo kilizaliwa Copenhagen, nchini Denmark. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliingia mjini humo kwa nguvu. Wagonjwa wengi walipooza misuli ya kupumulia, na mashine za kuwasaidia zilikuwa chache mno. Katika hao waliokuwa hawawezi kupumua, karibu 87 katika kila 100 walikuwa wakifa. Ndipo daktari Bjørn Ibsen aliposhauri jambo jipya: kutoboa njia ya hewa kooni, kutia mrija, na kusukuma hewa kwa mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono. Alijaribu kwanza kwa msichana wa miaka 12, akaokoka.

Lakini nani angebana mifuko hiyo mchana na usiku? Wanafunzi wa udaktari wapata 1500 walipokezana zamu kwa miezi mingi, na wauguzi wakisimama pamoja nao vitandani. Mwishowe vifo vilipungua hata kufikia kama robo tu ya wagonjwa hao. Mwezi wa Desemba 1953 Ibsen akafungua chumba maalumu cha kuwakusanya wagonjwa wa namna hiyo mahali pamoja, chini ya macho yasiyolala. Angalieni vizuri: mwanzo wa kazi hii kubwa haukuwa mashine. Ulikuwa mikono ya watu waliokubali kukesha.

Kazi ya macho, mikono na kinywa

Kazi ya kwanza ya mwuguzi huyu ni kutazama. Kwa mtoto mwenye malaria ya kichwa hutumia kipimo cha fahamu kilichotungwa hapa hapa Afrika, mjini Blantyre, nchini Malawi, katika miaka ya 1980. Hutazama macho ya mtoto, sauti yake, na jinsi anavyojibu akiumizwa kidogo, kisha humpa alama kuanzia 0 hadi 5. Alama 2 au chini yake ni hatari kubwa. Hupima pia sukari ya damu, kwani malaria kali huishusha, na mtoto aweza kufa kwa upungufu wa sukari huku watu wakidhani ni homa tu.

Kipo pia kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni ili kupima oksijeni katika damu. Ni kifaa chema sana. Hata hivyo, uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi mara nyingine husoma juu kuliko ilivyo kweli. Kwa ajili hiyo mwuguzi mwerevu haamini namba peke yake. Hutazama ulimi na midomo, husikiliza pumzi, huangalia kama mbavu zinaingia ndani.

Kazi ya pili ni ya mikono. Mikono hiyo huoshwa kabla na baada ya kumgusa kila mgonjwa, maana mgonjwa mahututi hana nguvu ya kupigana na ugonjwa wa pili. Hufyonza makohozi ili pumzi ipite. Humgeuza asiyejiweza, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya mgongo. Husafisha kinywa na macho yake. Hutoa dawa kwa saa yake. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 5425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwamo. Kwa kwinini walikufa kama 109 katika kila 1000, na kwa artesunati kama 85. Lakini dawa hiyo bora hutaka sindano ya kwanza mara mtoto afikapo, ya pili baada ya saa 12, na ya tatu baada ya saa 24. Nani hukumbuka saa ya pili, ambayo mara nyingi huangukia usiku wa manane? Ni mwuguzi.

Kazi ya tatu ni ya kinywa. Humwita daktari mapema, bila kuona haya wala woga. Humweleza mwenzake wa zamu inayofuata kila jambo, bila kusahau. Husema na mgonjwa hata akiwa hana fahamu, kwa jina lake, kwa heshima, kwa kuwa huenda anasikia. Na husema kwa ajili ya yule asiyeweza kujisemea.

Jina lililo mlangoni

Hospitali kubwa ya mkoa wetu hapa Lubumbashi inaitwa Jason Sendwe. Vijana wengi wanajua kwamba huyo alikuwa mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1964. Je, wanajua kwamba kabla ya siasa alikuwa msaidizi wa matibabu? Wakati wa utawala wa Wabelgiji, hicho ndicho kilikuwa cheo cha juu kwa Mkongo katika kazi ya tiba. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, madaktari wengi wa Ulaya wakaondoka, na wasaidizi hao pamoja na wauguzi ndio waliobaki na wagonjwa.

Leo tunao Chuo Kikuu cha Lubumbashi chenye kitivo cha udaktari, tunazo shule za uuguzi za ngazi ya A2, na chuo cha juu cha ufundi wa tiba, ISTM. Mwaka 2016 sheria ya nchi iliunda Baraza la Wauguzi ili kulinda heshima na nidhamu ya kazi hii. Mwanafunzi apendaye kuifuata asidhani moyo wa huruma unatosha. Hesabu inatakiwa, kwa maana kosa la nukta moja katika kipimo cha dawa laweza kuua. Fizikia na kemia zinatakiwa. Na moyo wa huruma nao usikose.

Wajibu wetu sisi jamaa

Nasi tunao wajibu. Tusimnyweshe uji mgonjwa asiye na fahamu, hata kama tunaona uchungu kwamba ana njaa, maana uji huo utaingia mapafuni. Tusiogope mpira wa oksijeni. Wako wanaosema kwamba anayewekewa oksijeni hufa. Wanasahau kwamba huwekewa kwa sababu alikuwa akifa, na wengi huponea hapo. Tusijazane kitandani, mmoja aingie, anawe mikono, aseme maneno ya upole. Na zaidi ya yote, tusichelewe. Mtoto mwenye homa anayeanza kupigwa degedege, kukataa ziwa au kulala asiamke, apelekwe hospitali saa ile ile, si kesho.

Sasa ni saa kumi na mbili za asubuhi. Mwuguzi wa usiku anampa mwenzake karatasi iliyojaa namba na kumweleza kila moja. Mtoto amepata alama 4. Usiku alikuwa na 2. Mwuguzi anatoka ukumbini, anainama karibu na mama. “Mama, ameanza kulia. Njoo umsikie.”