Kikuku cha Bibi na Dhahabu ya Waetruski

Juzi bibi mmoja wa hapa Isikizya alitoa kikapuni mwake kikuku chembamba cha mguu, kile ambacho wazee wetu walikiita sambo. Mjukuu wake alikitazama, akasema, "Ni waya tu." Neno hilo ndilo lililotushikisha kalamu.

Mhunzi alitia masango ya shaba motoni, akayachonga ncha, akaipitisha katika tundu la chamburo, yaani bamba la chuma lenye matundu. Akaishika kwa koleo, akavuta kwa nguvu zake zote. Kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo kuliko hilo, hata uzi ukawa mwembamba kama unywele. Uzi huo aliuzungusha juu ya singa za mkia wa twiga au wa ng'ombe, kila mzunguko ukigusana na mwenzake. Ndiyo sababu kikuku hupindika wala hakivunjiki.

Shaba yenyewe ilitoka mbali. Burton alipofika Kaze, ndiyo Tabora, mwaka 1857, masango ya pwani yalikuwa mali ya misafara pamoja na nguo na ushanga. Shaba nyekundu ilitoka Katanga, kwa Msiri, mtu wa asili ya huku kwetu, aliyetawala huko hata alipouawa mwaka 1891.

Sasa tazameni yaliyowapata wengine. Katika Italia, kaskazini ya Roma, waliishi Waetruski. Yapata mwaka 650 K.K. masonara wao walipamba bizimu za dhahabu kwa punje za dhahabu ndogo mno, zilizoshikamana wala lihamu haionekani. Kaburi moja la Cerveteri lilifunguliwa mwaka 1836, na vitu vyake vimewekwa katika makumbusho ya Vatikano. Dhahabu ilikuwapo, lakini ujuzi ulikuwa umepotea. Castellani, sonara wa Roma, alijitahidi kuufufua, asiufikie wote. Katika miaka ya 1930 ndipo Mwingereza Littledale alipoonyesha njia: chumvi ya shaba huchanganywa na gundi, ikatiwa moto, ikaunganisha punje pasipo kuziharibu.

Yule mjukuu naye alipewa waya na singa chache, ajaribu. Jua lilikuchwa hajamaliza upana wa kidole. Kesho yake alirudi kwa bibi, akauliza.

Basi, wazazi na waalimu, kama yuko jirani yenu mzee aliyewahi kushika chamburo, mwendeeni pamoja na watoto. Kikuku chaweza kungoja kikapuni. Mikono ya mzee haingoji.