Mali kauli Kuluba: sura hailipi deni
Anayetoa mzigo kwa mali kauli Kuluba, wilayani Koboko, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, lazima ampime mteja. Lafudhi haimsaidii: Wakakwa wako Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Asili nayo iliwaponza wengi. Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, watu wa Koboko waliikimbia nchi kwa kuhesabiwa wafuasi wake, hata wakulima.

Abayudaya, Wayahudi wa Mbale ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wanalo fundisho la kale kuhusu hilo. Nabii Samweli aliona kimo cha Eliabu akadhani ndiye mfalme. Kumbe ni Daudi, kitinda mimba aliyeachwa malishoni.

Sokoni moyo hauonekani, ila madeni ya nyuma yanaulizika: muuza duka jirani anajua nani alirudi na fedha.