Umri Ndio Bei: Soko la Saa za Kwanza za Otomatiki

Oktoba 2017, kampuni ya mnada ya Phillips iliuza mjini New York saa ya Rolex Daytona iliyokuwa mali ya mwigizaji Paul Newman. Ilipata zaidi ya dola milioni 17, nayo ni saa ya kutiwa ufunguo kwa mkono. Saa za miaka ya 1920 na 1930 zilizofungua njia ya kujitia ufunguo zenyewe hupata sehemu ndogo mno ya fedha hizo. Naona soko linazipunja, na sababu kubwa ni kwamba wanunuzi wengi hawajui kuzisoma.

Aliyeifikisha otomatiki mkononi ni John Harwood, fundi saa Mwingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliona jinsi vumbi na unyevu vilivyopenya pale penye kitufe cha kutilia ufunguo na kuharibu mashine. Akakiondoa kitufe chenyewe. Ndani aliweka kipande kizito cha chuma kinachoyumba kila mkono unapocheza na kukaza kamani. Akrabu huwekwa sawa kwa kuzungusha ukingo wa kioo. Alipata hataza ya Uswisi mwaka 1924, na kampuni za Fortis na Blancpain zikazitengeneza saa hizo. Mdororo wa uchumi ukamkuta, kampuni yake ikaanguka mwaka 1931. Mwaka huohuo Rolex ikatoa Perpetual, ambayo kipande chake kizito huzunguka duara zima badala ya kugonga huku na kule.

Mnunuzi mgeni huona namba ya hataza ndani ya mashine akadhani amepata mwaka wa kuzaliwa kwa saa. La. Hataza ya 1924 iliendelea kupigwa kwenye saa zilizotoka kiwandani miaka kadhaa baadaye. Ushahidi ulio bora ni muhuri wa madini kwenye kasha. Tangu 1907, kasha la dhahabu au fedha lililoingizwa Uingereza lilipaswa kupimwa huko na kupigwa alama ya mji pamoja na herufi ya mwaka. Hata hivyo herufi hiyo inataja mwaka wa kasha kupimwa tu. Dukani saa huenda ilikaa sana.

Kwa saa zilizokwenda Marekani, tazama daraja la mashine. Kuanzia 1936 mashine zilizoingizwa huko zilipigwa herufi tatu za mwagizaji, kama OXG kwa Omega na ROW kwa Rolex. Hapa ndipo wengi wanapotupa mali nzuri. Ili kukwepa ushuru, mashine nyingi zilisafirishwa peke yake na kuvishwa makasha ya Kimarekani, hivyo Omega ya miaka ya 1940 yenye kasha lisilo la Uswisi inaweza kuwa halali kabisa.

Uso wa saa nao una ushahidi wake. Rangi ya kung'aa gizani ya enzi hizo ilikuwa ya radiamu. Sasa imefifia, lakini mionzi ingali ipo, maana nusu ya radiamu huhitaji miaka 1,600 hivi kuisha. Uso mkongwe unaong'aa vikali gizani umepakwa upya, na uso uliopakwa upya huporomosha bei. Na kwa sababu ya mionzi hiyo, kazi ya kukwangua rangi ya radiamu aachiwe fundi mwenye vifaa vya kujikinga.

Cheti cha kuthibitisha asili ya saa peke yake hakitoshi. Novemba 2021, Omega Speedmaster iliuzwa Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mwaka 2023 ikafahamika kwamba iliunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na Omega ikasema waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Kama hayo yalipita kwenye mnada mkubwa hivyo, muuzaji wa kawaida asikasirike ukimwomba afungue mfuniko wa nyuma.

Basi kabla ya kulipa, taka picha za mashine, za ndani ya mfuniko na za uso bila kioo, kisha linganisha miaka yake. Ikipatana, lipa bei ya haki. Ikigongana, achana nayo hata kama ni rahisi. Na ukishainunua, mkataze fundi kuling'arisha kasha: msasa hufuta mihuri, na mihuri ikifutika hakuna atakayeweza tena kuthibitisha umri wa saa yako.