Wanaogawana jabia wanaweza kugawana waifai

Kiwayu haina mto. Chimba kisima katika visiwa vingi vya Lamu Mashariki na huenda ukakutana na maji ya chumvi, ndiyo maana wazee walijenga jabia: sakafu pana iliyopigwa lipu, imeinama kidogo upande mmoja, na penye mwinamo ule pana tangi linalopokea kila tone la masika. Tazama ukingo wake na utaona mifereji myembamba, iliyochimbwa na kamba za ndoo za miaka mingi. Kamba hizo hazikuwa za nyumba moja. Penye jabia la mtaa haulizwi mtu ndoo yake ni ya nani. Swali ni maji yamebaki kiasi gani.

Ninaanza na maji kwa sababu ninataka kuzungumza juu ya intaneti, na ninaamini watu wa Kiwayu wanalijua somo hili kuliko sisi wa mijini, tunaoficha paswadi hata kwa jirani tunayemwazima chumvi.

Kiwayu iko takriban kilomita 50 kaskazini mashariki ya mji wa Lamu, na njia ya kufika ni bahari. Kusi likivuma, safari ya mashua ni ya kuhesabu mara mbili. Wakati huohuo serikali imehamishia madirisha yake kwenye simu. Cheti, leseni na pasipoti huombwa kupitia eCitizen. Mtoto aliyefaulu kidato cha nne huomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, na muda ukipita umepita. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ni ya SHA, nayo inataka usajili wa kimtandao. Fomu ya nusu saa inaweza kumgharimu mwanafunzi wa kisiwani nauli ya mashua kwenda na kurudi, na pengine kulala ugenini. Mvuvi wa kamba mawe naye, asipojua bei ya soko la Lamu au Mombasa, hukubali anayotajiwa na mnunuzi aliyesimama mbele yake ufukweni.

Zamani jibu lilikuwa kusubiri mnara. Sasa hali imebadilika. Tangu Julai 2023, Starlink ilipoanza kuuza intaneti ya setilaiti nchini Kenya, kisiwa kinahitaji dishi, umeme wa sola na anga isiyozibwa na minazi. Lakini dishi na malipo yake ya kila mwezi ni mzigo mzito kwa nyumba moja ya mvuvi. Kwa nyumba nane, hesabu ni nyingine. Tuseme bili ni shilingi 4,000. Kila nyumba inatoa 500, na wapo wanaonunua bando za zaidi ya hapo kwa mwezi bila kujijua, ishirini leo, hamsini kesho.

Na ufundi wake si wa kutisha. Ruta ya kawaida ikiwekwa juu, karibu na dirisha, hufikisha mawimbi makumi ya mita nje ya nyumba. Paa la makuti makavu huyapitisha bila taabu. Mabati huyarudisha, na ukuta mnene wa mawe huyapunguza nguvu. Kwa hiyo katika kijiji ambacho nyumba zimekaribiana, ruta moja iliyokaa mahali pazuri hufikia majirani kadhaa, na antena ndogo ya nje ikielekezwa upande mmoja huvuka hadi mtaa wa pili. Adui mkubwa ni chumvi ya bahari, ambayo hula viungio vya nyaya polepole hadi siku moja mtandao ukazimika bila sababu ya kuonekana. Viungio vifungwe vizuri kwa utepe wa mpira, vikaguliwe kila baada ya miezi michache.

Ninazijua hofu za mwenye ruta. Ya kwanza: watanimalizia bando. Hofu hiyo ni ya haki kama bando lako lina kikomo. Hapo kila video ya jirani inatoka mfukoni mwako, na ni lazima mkubaliane kabla. Kama kifurushi hakina kikomo, usiku unapolala mtandao uliolipia unakaa bure. Ya pili ni ya usalama, na katika eneo lililo karibu na mpaka wa Somalia, penye doria na maswali, siidharau hata kidogo. Mtu akitumia laini yako kwa uovu, wewe ndiwe utakayegongewa mlango. Ndiyo maana sisemi uache mlango wazi. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, wenye paswadi yake, uliotengwa na vifaa vyako. Wape unaowajua, andika majina yao daftarini, ibadilishe paswadi kila mwezi, punguza kasi ya video saa za watoto kusoma.

Sheria nayo isirukwe. Kuuza intaneti bila leseni ni kosa, na mkataba wa kampuni yako unaweza kukukataza kuivusha nje ya nyumba, usome kwanza. Ila mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa utaratibu wa leseni mahususi kwa mitandao ya intaneti ya jamii, inayomilikiwa na wananchi wenyewe bila lengo la faida, ndani ya kaunti ndogo moja. Kiwayu, Ndau, Faza, Kizingitini, Siyu na Pate zote ziko Lamu Mashariki. Kikundi cha wavuvi au cha akina mama kikijisajili vizuri, njia ipo.

Wenzetu wameshaipita. Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu huko Kongo, kilipata mtandao wake, Pamoja Net, kwa baraka za mwami, mtawala wa jadi wa kisiwa. Taasisi na wafanyabiashara walilipia, na wananchi wakaingia bure kwenye kituo cha hadhara. Kibera ina TunapandaNET, iliyounganisha shule na vituo vya vijana na kuweka masomo kwenye kompyuta ya hapohapo, mwanafunzi akayafungua bila kula bando. Kondoa, Tanzania, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wenzake walitumia mawimbi ya televisheni yasiyotumika. Huko Hispania, Guifi.net ilianza mwaka 2004 na watu wa vijijini waliochoka kusubiri kampuni za simu. Leo ina vituo zaidi ya 30,000.

La kompyuta ya Kibera ndilo ninalolitamani zaidi kwa Kiwayu. Kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kiganja, ikiwa na Wikipedia ya Kiswahili na masomo ya sayansi, huendelea kusomesha hata dishi likizimika kwa wiki nzima ya kusi.

Kwa hiyo wewe mwenye dishi kisiwani, iwe nyumbani, dukani au kwenye nyumba ya wageni: fungua mtandao wa wageni jioni hii. Paswadi ya kwanza mpe mtoto wa jirani anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Kisha waite wenzako barazani mzungumzie daftari la michango.